Dania Chini ya Kichanja cha Vyombo

Kabla hamjaanza kusoma, naomba mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na makosa ya maneno yatakuwepo, kwa sababu niliishia darasa la nane na tangu hapo sijaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Naandika polepole. Neno moja naweza kulitazama mpaka chai ipoe. Lakini kusema mbele ya watu ndiko siwezi kabisa, sauti hunikauka, kwa hiyo afadhali karatasi.

Ninachotaka kuwaambia kimenirudia kupitia pua. Nafanya kazi kwenye kibanda cha samaki karibu na ufuo hapa Kisumu, na kazi yangu kubwa ni kukatakata: vitunguu, hoho, dania. Juzi alikuja mama mmoja mzee, akaagiza samaki, ngege wa kuchemsha. Nikampelekea, juu yake nimenyunyiza dania kama ninavyowafanyia wote. Akaisukuma sahani kidogo.

"Binti yangu, nitolee haya majani. Yananuka kunguni."

Hakukasirika. Alikunja tu pua upande mmoja, wa kulia, na jicho la upande huo likafumba nusu. Nikasimama pale na kijiko mkononi. Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa Nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye tulimzika Asembo kabla ya mvua za mwaka huu. Nilitoa majani yale moja moja kutoka kwenye mchuzi, na kila jani nililotoa lilinirudisha nyuma, mpaka nikafika chini ya kichanja cha vyombo, nikiwa mtoto, nimekasirika.

Tulikuwa tukikaa Manyatta, chumba kimoja, Baba, Mama na mimi. Mama ni mtu wa Murang'a. Wazazi wake walikuja Kisumu kuuza mboga sokoni naye akiwa mdogo, na hapo ndipo Baba alipomwona. Mama hawezi kupika bila dania. Nyuma ya chumba chetu alikuwa na karai la zege lililotoboka, amelijaza udongo, na humo ndimo dania yake ilimoota. Lile karai halikukaa mahali pamoja. Asubuhi lilikuwa upande huu wa ukuta, mchana Mama alilivuta kwa kanga kuukuu hadi upande wa pili, jioni likarudi. Mimi nilidhani dania ni kitu kinachotembezwa, kama mtoto mchanga anayelia.

"Haipendi jua la saa sita," Mama aliniambia. "Hii ni ya baridi. Ukiichokoza na joto inakasirika."

"Ikikasirika inafanya nini?"

"Inatoa maua."

Hilo lilinishangaza sana. Sikuwa najua kwamba kuna kitu duniani kinachotoa maua kwa hasira. Lakini nililiona kwa macho yangu. Wiki moja ya joto, majani yale mapana yaliyokatikakatika kama lesi yakawa membamba kama nyuzi, shina likapanda juu, na maua madogo meupe yakatokea. Mama akapiga ulimi, akasema, "Imeshakwenda," kana kwamba inasafiri. Baada ya hapo majani yake yalikuwa machungu na hayafai kwa mchuzi. Nilikuwa naketi mbele ya maua yale nikijiuliza ni nani kati yetu aliyeiudhi.

Kisha Baba akapata kazi ya barabara, mbali, huko kaskazini, kazi ya kulala kambini. Kodi ya chumba ikawa haina maana. Akatupeleka Asembo kwao, akasema tukae na Nyanya mpaka atakaporudi. Tulifunga vitu vyetu. Karai lilibaki. Mama alibeba tu kopo la viungo vya pilau alivyonunua kwenye duka la Mhindi mjini, vizima, havijasagwa.

Boma la Nyanya lilikuwa juu kidogo ya ziwa, mahali penye mawe na ukoka mfupi, na joto lake si mchezo. Babu alikuwa amekufa zamani. Nyanya alikuwa mke wake wa kwanza, na mke wa kwanza kwetu huitwa mikayi. Upande mmoja ilikuwepo nyumba ya baba mkubwa, aliyekuwa akivua, na mkewe Mama Otieno, mwanamke mrefu mwenye mdomo mwepesi, na wakati ule alikuwa mjamzito. Mama alikuwa bado hajapewa jiko lake, kwa hiyo alipika kwenye jiko la Nyanya, kwa moto wa Nyanya, na vyombo akaviosha kwa Nyanya.

Vyombo vilianikwa kwenye kichanja. Wale waliokulia mjini pengine hawakijui: ni meza ya miti tu, miguu minne imechimbiwa chini, juu fito zimepangwa kwa nafasi ili maji yadondoke. Sahani zinalala pale, sufuria zinafunikwa pale, kuku wanafukuzwa pale kutwa nzima. Chini yake palikuwa na kivuli na unyevu hata siku ambayo boma lote lilikuwa linaunguza nyayo. Mimi nilipenda kujificha humo. Matone yaliniangukia shingoni, baridi.

Siku moja Mama alikuwa akitayarisha pilau kwa sababu baba mkubwa alikuwa na wageni. Alimwaga viungo kwenye ungo, akaanza kuchambua. Kulikuwa na vitu vidogo vya mviringo, rangi ya majani makavu, vyepesi. Alivisugua chini ya chupa vikapasuka katikati.

"Hivi ni nini?"

"Dania."

Nikacheka. "Mama! Dania ni majani."

"Na hii ni dania."

Nilikitia kimoja mdomoni. Hakikuwa na harufu ya dania hata kidogo. Kilikuwa na utamu wa ganda la chungwa lililokauka. Nikajua Mama ananitania, kwa sababu wakubwa walikuwa na kawaida ya kunidanganya nikiuliza maswali mengi. Mama alipepeta, makapi na vile vilivyopasuka vibaya akavikung'uta pale kwenye kichanja, akaenda kupika. Nikasahau.

Sasa ni lazima niwaeleze jambo la mbegu, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa. Kwetu mbegu ina foleni. Mvua ikinyesha, mtu haamki tu akachukua jembe. Mikayi ndiye anayetia mbegu udongoni kwanza, kwa mkono wake. Akishapanda yeye, wanafuata wake wa watoto wake, kuanzia wa mtoto mkubwa. Anayeruka foleni analeta chira. Chira ni kukonda, ugonjwa usiosikia dawa, na ubaya wake ni kwamba hauchagui aliyekosea. Unaweza kumpita ukaingia kwa mtoto wa jirani yake. Watu wengine siku hizi wanacheka hayo. Mama Otieno hakuwa akicheka. Kabla sijazaliwa alikuwa amezika mtoto aliyekonda, na sasa alikuwa na tumbo.

Mwaka ule mvua ilikuja mapema, na Nyanya hakuweza kupanda. Alikuwa akisafisha ngege kule kwenye ufuo wa Asembo Bay, mwiba wa pezi la mgongoni ukamchoma kiganja cha kulia. Mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Kila asubuhi Mama alichemsha maji na majani ya mwarobaini, akamsaidia Nyanya kukaa kwenye kigoda kando ya kichanja, akamkanda mkono huku maji yakimwagika chini. Nyanya alikuwa akigugumia na kuita majina ya samaki wote kwa matusi. Kisha mkono ulifungwa kitambaa na siku ikaendelea bila mtu kupanda. Majirani walipanda. Mashamba yao yakaanza kuwa na mistari ya kijani. Letu likakaa jeusi, limelimwa, linangoja.

Mama alishindwa kuvumilia. Jioni moja, mbele ya wote, alisema, "Lakini mboga si mahindi. Hata mboga zingoje mkono upone?"

Mama Otieno akaacha kutwanga. "Kwenu Murang'a mnapandaje? Kama ndege wanavyokunya?"

"Kwetu tunapanda mvua ikinyesha."

"Na kwetu tunapanda mkubwa akipanda. Ndiyo sababu wewe uko kwetu, nyieka, si mimi niko kwenu."

Watu wakacheka. Hata Mama alicheka, ila alicheka kwa meno tu. Nyieka ndivyo wanavyoitana wake wa ndugu, na kwa kawaida ni neno tamu, lakini siku ile lilikuwa na mfupa ndani.

Haukupita muda mrefu, nikatumwa sahani. Nikajipenyeza chini ya kichanja kama kawaida yangu kuchukua iliyoanguka, goti langu likagandamiza kitu laini, na harufu ikapanda. Nilidhani naota. Ilikuwa Manyatta. Ilikuwa karai, ukuta, Baba akirudi jioni, Mama akishusha sufuria motoni na kutupia majani mwisho kabisa, akifunika haraka ili harufu isitoroke. Nikatazama chini. Miche midogo, majani yake ya kwanza marefu kama ndimi, na katikati ya ndimi zile lesi imeanza kufunguka.

Nikatoka nikipiga kelele kwa furaha. "Mama! Dania yetu imetufuata!"

Niliamini hivyo kabisa. Paka wa jirani yetu Manyatta alikuwa amehamishwa hadi ng'ambo ya mji na akarudi kwa miguu yake. Sikuona kwa nini dania isiweze.

Mama alikuja mbio, na Mama Otieno akaja nyuma yake akishika kiuno. Mama alitazama, na uso wake haukufurahi. Ulikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Mama Otieno naye aliinama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akatazama sana, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu, "Umepanda."

"Sikupanda. Haki ya Mungu sikupanda. Zilimwagika na makapi ya pilau."

"Zilimwagika zikajipanga? Tazama mstari!"

Ni kweli ulikuwepo mstari. Miche ilikuwa imenyooka kutoka mguu mmoja wa kichanja hadi mwingine kama iliyopimwa kwa kamba. Leo najua ni maji. Yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye fito ya pembeni na kuchimba kijimfereji, na mbegu zikakusanyika humo. Lakini siku ile hata mimi nilipoutazama ule mstari nilijiuliza kama Mama hakuwa amepanda.

"Ulisema mbele yetu sote kwamba unataka kupanda mboga," Mama Otieno alisema. "Sasa mboga hii hapa. Mikayi hajapanda. Mimi sijapanda. Na mimi nina hili." Akaweka kiganja juu ya tumbo. Nikaona kwamba hakuwa akigombana. Alikuwa akiogopa. "Mimi sitaki maneno. Arudi kwao kwanza, wazee watengeneze mambo. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa boma."

Nilihitaji muda kuelewa kwamba mtoto huyo ni mimi. Mama arudi Murang'a, mimi nibaki. Nikashika kanga ya Mama kwa mikono yote miwili, na sikuiachia tena.

Ndipo Nyanya alipotoka ndani ya nyumba yake, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa.

"Mnatazama nini hapo kama kuku walioona nyoka?"

"Njoo ujionee, Mama," alisema Mama Otieno. "Mbegu imeshaingia udongoni, na mkono wako bado uko shingoni."

Nyanya hakuwa na haraka katika maisha yake. Alikuja, akasukuma kuku kwa mguu, akakalia kigoda chake. Akachuma jani moja kwa mkono wa kushoto, akalisugua, akalipeleka puani. Pua ikakunjika upande wa kulia, jicho likafumba nusu.

"Ai yawa! Kunguni!" Akalitupa, akamgeukia Mama na kumwita binti wa Murang'a kwa lugha yao. "Nyar Murang'a, hiki ndicho mnachokula?"

"Ndiyo, Mama," Mama alijibu, karibu asisikike.

"Na hamfi?"

Hakuna aliyecheka. Nyanya akafuta vidole kwenye sketi, akageukia Mama Otieno.

"Kichanja hiki ni cha nani?"

"Ni chako, Mama."

"Nani alikata miti yake?"

"Mzee. Alikujengea wewe."

"Maji yanayomwagika hapa ni ya jiko la nani?"

Mama Otieno akasita. "Lako."

"Na kila asubuhi, ni mkono wa nani unaooga hapa? Umewahi kuona mkono mwingine ukiogeshwa hapa?" Akautoa mkono kwenye kitambaa. Ulikuwa bado mnene, ngozi inang'aa. Akaunyosha polepole, akauweka juu ya miche, udongo wenyewe ukagusa kiganja chake, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu. "Mkono huu ndio ulionywesha hii takataka. Basi ni yangu. Nimepanda mimi. Mwaka huu mikayi amefungua kupanda, na amefungua kwa kunguni. Mtu ana neno?"

Nilimwona Mama Otieno akitafuta mahali pa kupenya, na hapakuwepo. Kisha mabega yake yakashuka, akapumua kama mtu aliyetua kuni.

"Sina neno, Mama."

"Kesho utapanda mahindi yako. Ukimaliza, Nyar Murang'a atapanda yake. Na dania hii asiiguse mtu. Ni yangu."

Mama alipiga magoti, akamshika Nyanya magoti, akalia. Nyanya akasema, "Inuka, unanilowesha."

Sasa nisikilizeni mimi nilivyoelewa. Mimi nilielewa kwamba Nyanya ametuibia dania.

Msinicheke. Nilikuwa nimekulia kwenye kibanda cha mboga cha wazazi wa Mama sokoni. Nilijua wateja. Mteja anayetaka kitu kwelikweli ndiye anayekitukana kwanza: sukuma yako imezeeka, vitunguu vyako vimeoza, halafu anabeba vyote. Kwa hiyo Nyanya aliposema kunguni, nilijua anaitaka. Na aliposema "ni yangu", nikasema moyoni, hapo sasa. Mama akilia nilidhani analilia dania. Kesho yake Nyanya alimwita mtu akamletea kipande cha wavu mkuukuu wa kuvulia, akazungushia miche yake ili kuku wasiingie, nami nikaona ni sisi tunaozuiwa. Dania iliyotembea peke yake kutoka Manyatta kutufuata, sasa imefungwa kwenye wavu kama samaki.

Nilimwambia Mama. Mama alikuwa shambani, akipanda mahindi yake, wa tatu katika foleni, na alikuwa akiimba.

"Mwache," alisema. "Ni yake."

"Si yake! Ilikuwa kwenye kopo letu!"

"Nyamaza. Ikiwa yake ndiyo mimi niko hapa."

Sikuelewa. Nikaenda kumuuliza mwenyewe, kitu ambacho kwa mtoto mwenye haya kama mimi kilinigharimu kutwa nzima ya kuzunguka nyumba. Nyanya alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye jua.

"Nyanya, kwa nini ulichukua dania yetu?"

"Nyakwara," alisema, yaani mjukuu wangu, "kitu kikikosa mwenyewe, watu hukitafutia." Akarudi kwenye omena zake. Nilikwenda zangu nikiwa na hasira zaidi, maana hilo halikuwa jibu, na tena dania ilikuwa na mwenyewe.

Siku za mawingu zikaja, zile ambazo asubuhi upepo wa ziwa una baridi na watu wanakwenda ufukweni wamejifunika. Chini ya kichanja, kwenye kivuli na matone, dania ikanenepa kuliko ilivyowahi kunenepa ndani ya karai. Haikukasirika hata mara moja. Siku moja Nyanya akaingiza mkono kwenye wavu, akachuma konzi nzima huku kichwa amekigeuzia pembeni, akampa Mama bila kumtazama.

"Weka kwa samaki."

Mama alikata majani na vijiti vyake pamoja, sufuria ikishushwa akatupia, akafunika. Jiko zima likanuka Manyatta. Mama Otieno akaja na sahani yake, akala, akalamba vidole, akauliza kama imebaki. Nyanya usiku ule alikula ugali kwa maziwa mala. Alisema tumbo halitaki samaki. Mimi nikajisemea, anaitunza ile iliyobaki aile peke yake.

Mtoto wa Mama Otieno akazaliwa wakati wa palizi, msichana, mzima, ana kilio cha kuamsha ufuo wote. Akaitwa Adoyo. Na mwaka uliofuata, mvua iliponyesha, mkono wa Nyanya ukiwa mzima kabisa, hakuanza na mahindi. Alikwenda kwanza kwenye kichanja. Mama alimpa zile mbegu za mviringo, zimepasuliwa kwa chupa na kulowekwa. Nyanya akazidondosha chini ya fito ya pembeni, kwenye mstari uleule, akafunika kwa kiganja, akaosha mikono kwa jivu mara mbili, akakunja pua. Ndipo akachukua mahindi. Mwaka wa pili vilevile, na wa tatu. Baba alirudi, Mama akapewa jiko lake na kujengewa kichanja chake, akapanda dania yake mwenyewe kila mvua. Lakini ya Nyanya ilitangulia. Ikawa ndiyo desturi ya boma letu, na mimi mwaka baada ya mwaka nilimtazama nikiwaza: mwanamke huyu hachoki kutukumbusha kwamba ni yake.

Nilikua na wazo hilo. Lilipungua ukali, likawa kama kovu dogo usilolikumbuka mpaka uguse. Nilimpenda Nyanya. Nililia kwenye mazishi yake mpaka nikashikwa. Lakini nilimzika nikijua kwamba alikuwa na uroho kidogo upande wa dania.

Mpaka juzi, yule mama mzee na sahani yake. Nikiwa nimesimama pale natoa majani kwa kijiko, nikaanza kutafuta kichwani siku moja, siku moja tu, niliyomwona Nyanya akila dania. Nikapitia sikukuu. Nikapitia samaki, maharagwe, pilau ya Krismasi. Ilikuwa ugali na maziwa mala. Ilikuwa mchuzi wake uliotengwa kwenye kibakuli kabla majani hayajatupiwa. Ilikuwa tumbo halitaki leo.

Jumapili nilikwenda nyumbani Asembo. Mama alikuwa ameketi mlangoni anapepeta. Nikamuuliza.

"Kwani hukujua?" Mama alisema. "Nyanya yako hakuwahi kuonja hata jani. Alikuwa anasema afadhali alale na kunguni wenyewe."

"Sasa alikuwa anapandia nani?"

Mama alinitazama kama anayetafuta mtoto wake amepotelea wapi. "Apande nani kwanza ndiyo mimi nipande?"

Nikakaa chini. Mama akaendelea kupepeta. Baadaye nikamuuliza kama aliwahi kumwambia asante.

"Nilimshika magoti siku ile. Ulikuwepo. Ulikuwa umeshika kanga yangu."

Mwaka huu, mvua ya kwanza baada ya mazishi, Mama Otieno ndiye aliyefungua, kwa kuwa sasa ndiye mkubwa. Sikuwepo, lakini Adoyo amenisimulia. Anasema mama yake alitoka na beseni la mahindi, akafika katikati ya uwanja, akasimama, akarudi. Akaenda kwenye kichanja cha Nyanya, ambacho miguu yake miwili imeoza na hakuna anikaye vyombo hapo tena, akapiga goti. Adoyo akamuuliza kwa nini dania kwanza. Akajibiwa, "Ndivyo mikayi alivyofanya." Kisha Mama Otieno akapanda mahindi yake mpaka mwisho wa shamba, akasimama pale na kumwita Mama kwa sauti iliyofika ziwani: "Nyar Murang'a! Nimemaliza! Panda!"

Jumapili ile kabla ya kuondoka nilikwenda kuitazama. Imeota. Bado iko kwenye mstari.

Nimefika mwisho na mkono unauma. Nyinyi wa rika langu mnaosoma haya, upande wa pili wa karatasi hii ya mwisho nimeuacha mtupu kwa makusudi. Kama kwenu kulikuwepo mtu aliyepanda kitu asichokila, au aliyepika asichoonja, niandikieni hapo ni nini, na alikuwa akikunja uso vipi. Msijali mwandiko, mmeuona wangu. Na kama mtu huyo bado yuko hai, kamuulizeni kwanza, halafu ndipo mniandikie.